Usitaje bei ya kisiki kabla hujakiona

Vijana kadhaa wameniuliza wanunue mashine gani ili waanze kazi ya kusaga visiki majumbani hapa Unguja. Habari ya mashine nitaifikia, lakini si ya kwanza. Kilichoniweka kwenye kazi hii mpaka leo si nguvu ya injini, ni kwamba sitaji bei kwa simu. Mteja akinipigia akasema ana kisiki cha mwembe, kipana kama sinia, namuuliza nyumba iko wapi na saa ngapi nitamkuta mwenyewe. Wengine hawapendi. Wanataka namba tu, waende kuilinganisha na ya vibarua wenye mashoka. Mimi nashikilia palepale, maana kinachoamua kazi hii kimelala chini ya udongo, na chini ya udongo huwezi kuona kwa maneno ya mtu aliyeko kazini mjini.

Kazi ipo, na itaendelea kuwepo. Sehemu kubwa ya mitaa inayojengwa sasa pembezoni mwa mji, upande wa Fuoni na Tunguu, au ukipanda Bububu mpaka Mfenesini, jana ilikuwa mashamba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa ardhi kwa wananchi eka tatu tatu, na ndani ya eka hizo mlikuwa na minazi, miembe, mifenesi, mishelisheli na mikarafuu. Wajukuu wamezikata viwanja. Mti unaangushwa ili nyumba isimame, gogo linakwenda kwa mpasua mbao au kwenye tanuri la chokaa, matawi yanakuwa kuni, na kisiki kinabaki mlangoni kikisubiri mtu wa kujikwaa.

Wapo wanaoona kisiki hakina madhara, kiachwe kioze chenyewe. Kwa mnazi nawaomba wasifanye hivyo, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu minazi yetu inapungua. Chonga, yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, hutaga mayai yake ndani ya mnazi unaooza. Funza wake, wanene, weupe, waliojikunja, hukaa mle kwa miezi wakila, na wakishapata mbawa wanaruka usiku kwenda kutoboa moyo wa minazi mizima ya jirani. Ukiona makuti mapya yanafunguka yana mikato ya pembe tatu, ujue chonga kashapita. Tena kisiki cha mnazi huanza kuoza katikati, kikafanya bakuli, mvua ya masika ikijaa humo mbu wanazaliana. Visiki vya miti mingine huleta mchwa, na mchwa hawaishii kwenye kisiki pale ambapo kuna fremu ya mlango hatua nne mbele.

Sasa, umefika nyumbani kwa mteja. Piga hodi na usubiri. Usiingie uani kwa sababu tu geti liko wazi, na kama waliopo ni kina mama peke yao, wape nafasi wajisitiri, au uliza kama kuna kijana wa kukutembeza. Amkia kila mkubwa utakayemkuta, hata yule bibi aliyekaa barazani akichambua mchicha na anaonekana hahusiki. Anahusika kuliko wote. Mwenye kukulipa huenda amenunua kiwanja juzi, au amekulia Dar es Salaam akarudi kujenga, lakini bibi anajua pale palikuwa na nini kabla ya ukuta.

Mimi humuuliza bibi maswali mawili kabla sijakigusa kisiki. La kwanza ni kama kuna kaburi. Watu wetu wa zamani walizika karibu na nyumba, chini ya mti wenye kivuli, na makaburi mengi hayana jengo juu yake, ni mawe mawili tu ya kichwani na miguuni, na mawe hayo huzama au kung'olewa na watoto. Mizizi unayotaka kuisaga inaweza kuwa imepita hapo hapo. Ukiambiwa kuna kaburi, au hata mtu akasita kukujibu, acha mashine kwenye gari na waachie wenyewe wakae wazungumze. Ipo mitaa ambayo mbuyu au mkungu fulani una hadhi yake, na watu watataka kusoma dua kwanza. Kaa kitako, itikia amina, kazi itafanyika baadaye.

Swali la pili: mti ulikuwa wa nani? Mgeni wa hapa anaweza kulishangaa, lakini mzaliwa anajua kwamba Zanzibar ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Mwembe mmoja unaweza kuwa umerithiwa na ndugu watano, wawili wako Pemba na mmoja Muscat. Mti ukishakatwa bila wote kujua, kisiki ndicho ushahidi pekee uliobaki, na wewe ndiye utakayekuwa umekisaga. Kwa hiyo naomba kuona ruhusa iliyotumika kuukatia mti. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 ipo, safari ya kibali huanza kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, na mkarafuu hauna mjadala, haukatwi kiholela hata ukiwa uani kwako. Mteja mwenye karatasi zake hatachukia kukuonyesha. Asiyekuwa nazo, mpeleke kwa sheha kwanza, na umweleze kwamba unamlinda yeye pia.

Baada ya hapo ndiyo nachukua vifaa vyangu vya ukaguzi: futi, shoka dogo, sumaku, na nondo nyembamba ya mita moja iliyochongwa ncha.

Futi ni la kupimia upana, lakini pima chini, pale mbavu za mizizi zinapoingia ardhini, si juu palipokatwa. Mwembe mkongwe au mkungu unaweza kuwa na sentimita 50 juu na sentimita 80 chini. Mteja anaiona 50, mashine itakula 80, na kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa upana wake, hiyo ni kazi ya zaidi ya mara mbili na nusu ya ile aliyoiona. Fukua udongo kwa mkono mpaka uzione mbavu zote. Mpe mteja ncha ya futi aishike mwenyewe. Akishasoma namba kwa macho yake, mazungumzo ya bei yanakuwa mepesi.

Nondo ni ya kuuliza ardhi. Ichome kuzunguka kisiki, kila hatua moja, na usikilize. Wakulima wetu wana majina ya udongo na majina hayo ni elimu tosha kwa kazi hii. Kwenye kichanga nondo inazama mpaka mkono unagusa chini, hapo furahi. Kwenye kinongo, ule wekundu, inazama vizuri lakini mara kwa mara inakutana na jiwe. Bopwe la mabondeni ni zuri wakati wa jua, ila mvua ikinyesha linanata na magurudumu ya mashine yanakwama. Uwanda ndio wa kuogopwa: Paje, Jambiani, Makunduchi, na hata Fumba hapa karibu, udongo ni kiganja tu, chini yake jiwe la matumbawe, na mizizi imejipenyeza ndani ya nyufa za jiwe ikalikumbatia. Nondo ikigonga jiwe sentimita 10 chini, mwite mteja aje asikie ule mlio. Mwambie palepale kwamba utasaga mpaka kwenye jiwe na si zaidi. Meno ya mashine, yaliyofungwa kwenye gurudumu linalozunguka na kukisaga kisiki, yana ncha za kabaidi, chuma kigumu sana kwa mti lakini kinachokatika kikigonga jiwe, na jino likikatika hutalipata sokoni Darajani.

Nondo hiyohiyo itakuonyesha mambo ya binadamu. Mabomba ya maji ya plastiki hapa mara nyingi hayakuzikwa chini sana. Fuata mstari kutoka mita ya maji mpaka kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kila mfereji wa kuchotea maji. Tafuta waya wa pampu unaotoka kisimani, na waya wa taa ya getini ambao fundi aliupitisha chini bila kuuweka kwenye bomba. Nyaya unazozishuku chini, mwachie fundi umeme azizime na kuzifuatilia kabla hujaweka jino ardhini. Na ulizia karo, lile shimo la maji machafu ya choo, liko wapi. Mashine ya mamia ya kilo hupaswi kuipitisha juu ya mfuniko wa karo, hata kama umefunikwa vigae vizuri. Njia ya kuingilia nayo pima, kuanzia geti mpaka kwenye kisiki, pamoja na ngazi na kona.

Kisha sumaku. Mti uliokulia uani umefanya kazi ya nguzo miaka yote: kamba za kuanikia nguo, pembea, bendera, waya wa kufungia mbuzi. Mti haukatai kitu, unakimeza. Mkungu mmoja niliouendea Kiembesamaki ulikuwa laini kabisa kwa nje, gome halina kovu, lakini sumaku ilivutwa sehemu moja upande wa jikoni. Nilipochonga kwa shoka kidogo kidogo, mbao ilikuwa na doa la bluu nyeusi, rangi inayotokea chuma kinapokutana na utomvu, na ndani ya doa kulikuwa na kulabu nene ya kuanikia nguo, imezama ndani. Kulabu ile ikikutana na gurudumu linalozunguka kwa kasi, inatoka kama risasi. Sumaku haifiki mbali ndani ya mbao, kwa hiyo lile doa jeusi kwenye uso uliokatwa ndilo rafiki yako wa kweli. Litafute kila mara.

Aina ya mti nayo inabadilisha kila kitu. Mnazi hauna mzizi mkuu, una maelfu ya mizizi ya unene wa penseli, hauchipui tena ukishakatwa, na hauinui msingi wa nyumba. Lakini nyuzi zake hujisokota kwenye gurudumu, hasa ukiwa mbichi, na utasimama mara kwa mara kuzima injini na kuzikata kwa kisu. Mvinje ni mgumu hata ukiwa mbichi, mkavu ndio balaa. Mfenesi una ulimbo unaogandisha vumbi kwenye kila kitu, paka mafuta ya kupikia kwenye ngao ya gurudumu kabla hujaanza na utasafisha kwa urahisi. Utomvu wa mbibo unaunguza ngozi, na wa mwembe huwatoa baadhi ya watu vipele, basi vaa mikono mirefu na glovu. Mwarobaini utachipua kutoka kwenye mizizi iliyobaki, mweleze mteja aziondoe chipukizi kila zinapotokeza mpaka mizizi ichoke.

Mshelisheli unahitaji maneno ya peke yake. Huu huzaliwa na mizizi. Mzizi wake ukijeruhiwa unatoa mche, na ndivyo wazee walivyoupanda tangu zamani. Ukisaga kisiki na kuikwaruza mizizi inayotambaa, baada ya mvua unaweza kuona miche imesimama sehemu kadhaa za uani. Mteja asiyeambiwa mapema atadhani umemtapeli. Aliyeambiwa atakuuliza ni lini achimbue mche mmoja ampelekee shangazi yake shamba.

Sasa mnaweza kuzungumza kina, na hapa uliza swali ambalo wengi hawaulizi: unataka kufanya nini hapa baadaye? Akitaka majani tu au maua madogo, sentimita 15 hadi 20 chini ya ardhi zinatosha. Akitaka kutandika vitofali vya uani aingize gari, nenda 30 na uondoe maranda yote, ujaze udongo na kushindilia kwa tabaka. Akitaka kupanda mti mwingine, mshauri asogee mita mbili pembeni. Lakini akikuambia anataka kujenga chumba juu yake, kataa kazi ya kusaga. Mashine inaondoa kichwa cha kisiki, mizizi mikubwa inabaki chini, itaoza polepole na kuacha mashimo, na msingi utakaa juu ya mashimo hayo. Hapo kinachotakiwa ni watu wenye sururu, mashoka na mtalimbo wakichimbue chote. Nina vijana wa Mwanakwerekwe ninaowapigia kwa kazi kama hizo na sichukui chochote kwao. Mteja niliyemkatalia kwa ukweli mara nyingi hunirudisha kwa visiki vingine.

Atakuuliza pia kwa nini asimwage chumvi au asikichome moto, ni rahisi zaidi. Mjibu kwa heshima, maana wengi wameambiwa hivyo na wazee. Chumvi haichagui, itaua bustani nzima, na maji tunayokunywa kisiwani yanatoka ardhini. Moto nao hauishii pale unapouona. Mzizi mkavu hufuka chini kwa chini siku kadhaa, ukaibukia kwenye banda la makuti la jirani.

Kuhusu bei, nasema kwa ufupi lakini shika hili. Wengi hutoza kwa sentimita ya upana, na ni utaratibu mzuri kwa kuwa mteja anauelewa. Tatizo ni kwamba kisiki cha sentimita 80 ni kazi mara nne ya kile cha 40, si mara mbili. Kama umejiwekea, kwa mfano wa hesabu tu, shilingi 1,000 kwa sentimita, cha kwanza kitakupa 80,000 na cha pili 40,000, na utakuwa umefanya kazi kubwa kwa nusu ya malipo yake. Basi panga viwango kwa ngazi: mpaka 40 kiwango kimoja, kutoka 40 mpaka 70 kingine, na zaidi ya hapo kingine tena. Ongeza kwa mvinje mkavu, kwa uwanda, na kwa njia nyembamba inayopitisha mashine kwa shida. Weka kiwango cha chini ambacho hushuki, hata kisiki kikiwa cha mpera, kwa sababu kirikuu, ile pikapu ndogo ya kubebea mashine, kinakula petroli ileile. Andika kwenye karatasi upana, kina, nani anaondoa maranda, nani analeta udongo wa kujazia. Hilo la mwisho lina uzito hapa kwetu. Mchanga ni haba kisiwani na uchimbaji wake unasimamiwa na serikali, huwezi kuahidi gari ya mchanga kwa mdomo mwepesi.

Siku ya kazi, fika asubuhi mapema, na uwe umeshapita kwa majirani siku iliyotangulia. Mashine ina kelele. Kuna nyumba ina mtoto mchanga, kuna nyumba ina mgonjwa au mtu wa pumu, waambie muda wa kuanza na kumaliza ili wafunge madirisha. Adhana ikisikika zima injini, na Ijumaa usijipangie kazi ya kukutana na sala. Karibu na chuo cha Kurani, uliza wanafunzi wanakaa saa ngapi. Ramadhani naanza mara tu kunapopambazuka na kumaliza kabla jua halijakolea, maana mtu aliyefunga hapaswi kusimamia gurudumu saa nane mchana. Siku za kuelekea Idi na misimu ya harusi watu wote wanataka ua uwe safi kwa wakati mmoja. Usikubali kazi nyingi kuliko mwili wako.

Kitabu cha mashine yako kitakuambia watu wakae mbali kiasi gani. Kwenye mitaa yetu umbali huo haupo, nyumba zimebanana. Fanya hivi: simamisha mbao za plaiwudi pande tatu za kisiki, zifunge kwenye vigingi, na turubai juu ya dirisha lililo karibu. Gari, ungo wa televisheni, kuku, mbuzi, vyote viondoke. Watoto watakuja tu, hakuna namna ya kuwazuia kwa maneno, kwa hiyo weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo pekee, asibebe hata ndoo. Wewe vaa suruali ya kubana, buti, ngao ya uso na vizibo vya masikio. Kikoi, kanzu, kamba ya kofia, shati lisilofungwa vifungo: visikaribie gurudumu. Mtu yeyote akivuka mbao zako, achia mpini injini ishuke, kisha ndiyo mzungumze.

Kusaga kwenyewe kunahitaji subira. Kikate kisiki kifupi kwanza kwa msumeno wa moto, ule wa mnyororo, fagia mawe na mchanga, anza ukingo ulio karibu nawe. Shusha gurudumu sentimita 3 au 4 tu, lipeleke kushoto na kulia taratibu, liache lile lenyewe bila kulisukuma, kisha sogea mbele. Ukilikandamiza, mkanda utateleza na kuungua, utaisikia harufu yake kabla hujaona moshi. Tazama rangi ya yanayotoka. Maranda ya mwembe ni meupe yanayoelekea njano, halafu yanaanza kuchanganyika na wekundu wa kinongo, na sauti nayo inabadilika, ile ya kuguguna inakuwa ya kukwaruza. Hapo umepita mti, umeingia ardhini. Inua, sogea mahali pengine. Kuendelea kusaga udongo ni kumaliza meno bure.

Rundo la maranda litakuwa kubwa kuliko shimo, na mteja atashangaa limetoka wapi. Usimfukie yote shimoni ukaondoka. Maranda mabichi yanapooza huvuta naitrojeni ya udongo, kitakachopandwa juu kitageuka manjano, na shimo litadidimia. Mimi hupeleka maranda kwenye migomba na kuyatandaza juu ya udongo, huko yanahifadhi unyevu vizuri, lakini mbali na ukuta wa nyumba kwa ajili ya mchwa. Ya mnazi wenye chonga nayatazama kwanza, nikiona funza nawatoa, na kuku wa nyumba hiyo hula vizuri siku ile.

Mashine basi. Kwa nyumba zetu tafuta ndogo, ya petroli, ya nguvu farasi 13 hadi 15, na upana usiozidi sentimita 80 ili ipite kwenye mageti madogo na vichochoro. Kubwa zaidi utakuwa unaiangalia barabarani huku kisiki kiko ndani. Ukinunua iliyotumika, izungushe gurudumu kwa mkono injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umetolewa. Sikiliza beringi, likitikisika pembeni liache. Uliza meno ya akiba yanapatikana wapi na nunua seti mbili siku hiyohiyo, kwa sababu kusubiri kifurushi kutoka Dar es Salaam au Dubai ni siku za kukaa bure. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma: kila jioni puliza vumbi, safisha chujio la hewa, pangusa kwa kitambaa chenye oili, hasa ukitoka mashamba ya pwani. Usajili wa biashara, leseni ya manispaa na namba ya mlipakodi vishughulikie mapema, wateja wenye nyumba za wageni hawatakulipa bila risiti.

Panga kazi kubwa Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa imekauka. Na usihesabu kazi imekwisha ulipopokea pesa. Baada ya masika ya kwanza pitia kila nyumba uliyosaga, na ndoo chache za udongo kwenye kirikuu. Pale palipodidimia jaza, bila malipo, ilimradi ulisema hivyo kwenye karatasi. Kagua chipukizi za mwarobaini na mshelisheli. Kama uyoga umeota kwenye duara la kisiki, mwambie mwenye nyumba ni mizizi inaoza, hauna neno, ila watoto wasiuchume.